UZI: Kujenga amplifaya ya gitaa ya tyubu kwa mtindo wa miaka ya 1950, na kupanga bayasi yake

WayaWaNguo (mleta mada)

Wakuu, kila anayemaliza kujenga amplifaya ya tyubu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) huuliza swali lile lile: "Nipange bayasi miliampia ngapi?" Anayemjibu kwa namba moja bila kumuuliza volti za anodi, aina ya tyubu na mfumo wa bayasi anabahatisha, na hasara itaangukia tyubu na transfoma za muulizaji. Nimefungua uzi huu tulizungumze jambo hili kuanzia kwenye ujenzi wenyewe, maana bayasi nzuri huandaliwa wakati wa kulehemu, kabla hujashika mita.

Mfano wangu mkuu ni Fender Deluxe ya saketi ya 5E3, iliyotoka kati ya 1955 na 1960. Ina 12AY7 moja mlangoni, 12AX7 moja ambayo nusu yake inakuza sauti na nusu nyingine inaigawa kuwa mawimbi mawili yanayopingana, 6V6GT mbili za nguvu, na 5Y3GT ya kugeuza umeme wa AC kuwa DC. Inatoa kama wati 12 kwenye spika moja ya inchi 12. Ukiielewa hii, mchoro wa Fender Bassman 5F6-A hautakutisha, na ukishausoma Bassman umeshaisoma Marshall JTM45, kwa sababu Jim Marshall na mafundi wake Ken Bran na Dudley Craven walianzia kwenye saketi hiyo huko London mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Usalama kwanza, na hapa naomba mtu asiruke aya. Ndani ya 5E3 kuna zaidi ya volti 350 za DC. Kapasita za kuchuja umeme zinabaki na chaji hata plagi ikiwa imetolewa ukutani. Ukizichomoa tyubu ndiyo hatari zaidi, maana hakuna tena kitu cha kuinyonya chaji hiyo. Chukua rizista ya 10k yenye wati 5, iunge kwenye waya wenye klipu kila upande na uliofunikwa vizuri, bana upande mmoja kwenye chesisi na mwingine kwenye kapasita ya kwanza, subiri, kisha pima kwa mita hadi uone volti chache tu. Klipu iache palepale unapofanya kazi, kwa kuwa kapasita kubwa huweza kurudisha volti kidogo kidogo baada ya kumwagwa. Amplifaya ikiwa imewashwa, bana waya hasi wa mita kwenye chesisi na upime kwa mkono mmoja tu, ule mwingine uwe mbali na chuma chochote.

Na usiwashe kamwe bila spika au rizista ya mzigo. Tyubu za nguvu zikipiga sauti huku upande wa pili wa transfoma ukiwa wazi, volti za upande wa kwanza hupanda kiasi cha kuruka cheche ndani ya transfoma au kwenye soketi.

Sasa ujenzi. Anza na nyaya za filamenti (zinazopasha tyubu moto) kabla ya ubao kuingia kwenye chesisi. Ni AC ya volti 6.3, zisokote kwa kubana, zilaze kwenye kona ya chesisi au zipitishe juu mbali na soketi, na zisikimbie sambamba na waya wa gridi (sauti inapoingilia kwenye tyubu) hata kwa umbali mfupi. Kama transfoma yako haina tepu ya katikati (waya unaotoka katikati ya msuko) kwenye volti 6.3, weka rizista mbili za omu 100, kila moja kutoka upande mmoja wa filamenti kwenda ethi. Ethi ya usalama kutoka kwenye plagi ipate boliti yake peke yake kwenye chesisi. Ethi za kapasita kubwa na za tyubu za nguvu zikae upande wa transfoma ya umeme, za tyubu za mwanzo zikae upande wa jeki ya kuingizia gitaa. Ukizichanganya ovyo utapata mvumo ambao hautaondoka hata ubadilishe tyubu zote.

Wajenzi wengi hununua nyaya za kitambaa na kapasita zenye rangi ya kizamani, halafu wanaacha vitu viwili ambavyo mchoro wa zamani haukuwa navyo. Cha kwanza ni rizista ya omu 470 kwenye skrini (gridi ya pili, iliyo karibu na anodi) ya kila 6V6, inayozuia skrini isipitishe mkondo mwingi unapopiga kwa nguvu. Cha pili ni sehemu ya kupimia. Weka rizista ya omu 1 yenye usahihi wa asilimia 1 kati ya kathodi ya kila tyubu ya nguvu na pale inapokwenda. Kila milivolti 1 unayoisoma hapo ni miliampia 1. Haigusi sauti hata chembe, na itakuondolea kazi ya kukisia maisha yote ya amplifaya hiyo.

Nyuzi6

Shukrani mkuu kwa uzi huu. Mimi ni mpiga gitaa, kulehemu ndiyo najifunza. Je, nisingeanza na ile ndogo ya 5F1 Champ? Pia naomba ufafanue hiyo bayasi hasa ni kitu gani, watu wanaitaja kama vile kila mtu alizaliwa anaijua.

WayaWaNguo

Karibu mkuu. 5F1 ni pa kuanzia pazuri sana: 12AX7 moja, 6V6 moja, 5Y3 moja, wati kama 5. Angalia jambo moja tu: ina waya wa kurudisha sauti kutoka kwenye spika kwenda kathodi ya hatua ya pili. Ukiwasha ikapiga mluzi mkali papo hapo, fezi imegeuka. Izime, umwage chaji, kisha badilishana nyaya mbili za upande mmoja wa transfoma ya sauti. 5E3 haina waya huo.

Kuhusu bayasi. Ndani ya tyubu kathodi ikipashwa moto inatoa elektroni, anodi yenye volti nyingi inazivuta, na gridi iliyo katikati inaamua ni ngapi zipite. Gridi ikiwa hasi zaidi kuliko kathodi, elektroni zinasukumwa nyuma na mkondo unapungua. Bayasi ni kiasi cha uhasi huo wakati hakuna mtu anayepiga gitaa. Ukiwa mdogo mno, mkondo unafurika, anodi inapata joto kupita uwezo wake hadi inawaka rangi nyekundu. Ukiwa mkubwa mno, tyubu mbili zinapobadilishana zamu kati ya nusu ya juu na nusu ya chini ya wimbi, pale katikati zote mbili zinakuwa zimelala. Utasikia sauti ina mkwaruzo mkavu, hasa noti inapofifia.

Kuna njia mbili za kuupata uhasi huo. Kwenye 5E3 na 5F1 rizista inawekwa kati ya kathodi na ethi. Mkondo wa tyubu wenyewe unainua kathodi volti kama 20, na gridi iliyoko kwenye sifuri inaonekana hasi kwa volti hizo hizo. Mkondo ukipanda, kathodi inapanda, tyubu inajibana yenyewe. Njia ya pili ni ya Bassman 5F6-A na nyingine kubwa: kathodi iko kwenye ethi, na gridi inapewa volti hasi kutoka kwenye usambazaji wake. Hiyo haijirekebishi, inabaki pale ulipoiweka.

Tyubu za mwanzo hazina haja ya kupangwa. Rizista ya omu 820 inayotumiwa kwa pamoja na nusu mbili za 12AY7 kwenye 5E3 inatosha, na tyubu yoyote nzima itakaa sawa hapo.

Mlehemu_wa_Usiku

Mleta mada, ongezea utaratibu wa kuwasha mara ya kwanza. Watu wengi huchoma hapo.

WayaWaNguo

Kweli kabisa. Tengeneza kizuizi cha balbu: balbu ya zamani yenye waya wa kuwaka, ya wati 40 au 60, iliyounganishwa mfululizo na waya wa moto unaokwenda kwenye amplifaya. Balbu ya LED haifai, kwa sababu kinachotakiwa ni ule waya wa ndani unaoongeza ukinzani unapopata joto. Kama kuna shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na transfoma yako inabaki salama. Kama hakuna, inawaka kidogo kisha inafifia.

Washa kwanza bila tyubu hata moja. Pima filamenti, pima volti 5 za rektifaya (ile 5Y3), pima AC ya juu pande zote mbili za tepu ya katikati. Zima. Weka tyubu zote, unga spika, washa tena kupitia balbu na uangalie anodi za tyubu za nguvu taa za chumba zikiwa zimezimwa. Ukiwa na balbu volti zote zitakuwa chini, kwa hiyo usipange bayasi hapo. Balbu ikitulia bila kung'aa, iondoe na upime ukiwa kwenye umeme kamili.

Wanaojenga yenye bayasi ya volti hasi wana hatua moja muhimu kabla ya tyubu za nguvu kuingia: pima pini ya 5 ya kila soketi ya 6V6 au 6L6 na uhakikishe volti hasi ipo kweli, halafu zungusha poteshiomita (rizista ya kuzungusha inayopanga bayasi) hadi iwe hasi kabisa. Na zile kapasita za usambazaji wa bayasi huwekwa kinyume na zote nyingine ndani ya chesisi: upande wa chanya ndio unaokwenda ethi. Mkono uliozoea kuelekeza hasi kwenye ethi huzigeuza bila kufikiri, na kapasita iliyogeuzwa hapo hupasuka na kuziacha tyubu za nguvu bila bayasi yoyote.

Jambo jingine: panga saketi ili ncha ya katikati ya poteshiomita ikikatika, gridi zipate volti hasi nyingi zaidi. Zikizikosa, tyubu zitaungua mbele ya macho yako.

Nyuzi6

Sasa tuje kwenye namba wakuu. Nimesoma mahali kwamba 6L6 ni miliampia 35, mwingine anasema 45. Nani yuko sahihi?

WayaWaNguo

Wote wanaweza kuwa sahihi na wote wanaweza kukosea. Kinachoua tyubu ni joto la anodi, na joto hilo ni volti mara mkondo. Kila tyubu ina kikomo: 6L6GC wati 30, EL34 wati 25, 5881 wati 23, na 6V6GT wati 12 kwa jedwali la zamani au 14 kwa jedwali la baadaye lililotumia kipimo kingine.

Kwa bayasi ya volti hasi, mafundi wengi huchukua asilimia 70 ya kikomo kama mpaka wa juu. Tuseme 6L6GC iko kwenye volti 440. Asilimia 70 ya 30 ni wati 21. Gawa kwa 440, unapata miliampia 47 na ushee kwa kila tyubu. Lakini chomeka 5881 kwenye soketi zile zile, uache miliampia zile zile, na sasa tyubu ya wati 23 inabeba wati 21 imekaa tu, haijapigiwa hata noti moja. Pini zinalingana, umbo linakaribiana, kikomo hakilingani. Ndiyo maana nikiambiwa "6L6 weka 45" nauliza kwanza ni 6L6 ipi na kwenye volti ngapi.

Ukishasogeza poteshiomita, rudi upime volti za anodi upya. Mkondo ukipanda volti hushuka, mkondo ukishuka volti hupanda, hivyo hesabu ya kwanza haiwi ya mwisho. Iache ipate moto kwa dakika 15 au 20, kisha rudia. Kumbuka pia rizista ya omu 1 inasoma mkondo wa anodi pamoja na wa skrini. Toa kama asilimia 5 kwa ajili ya skrini, au usitoe na uhesabu kwamba umejiwekea akiba kidogo.

MkonoWaKushoto

Mleta mada, naheshimu hesabu zako lakini napinga hiyo asilimia 70. Imegeuzwa kuwa sheria. Mimi huanza chini, kwenye asilimia 50, nasikiliza, napandisha taratibu, na pale mkwaruzo mkavu unapopotea naacha. Mara nyingi ni asilimia 55 au 60. Tyubu zinadumu, besi inabaki imeshiba, na sioni nilichokosa.

WayaWaNguo

Mkuu, hatupingani sana, na nashukuru umeliweka wazi. Asilimia 70 ni dari. Anayeifanya kuwa shabaha anabana tyubu bure, na kwa saketi zenye volti nyingi anodini napenda kukaa chini yake. Ninachosisitiza ni kwamba hata wewe unayetumia sikio unajua uko asilimia 55, kwa sababu ulipima. Sikio peke yake halitakuambia tyubu moja inavuta 30 na mwenzake 48. Amplifaya itapiga vizuri tu, huku moja ikizeeka haraka, na mvumo ambao tyubu mbili zinazolingana zingeufuta kati yao utabaki.

Kwa bayasi ya kathodi habari ni tofauti. Kwa kuwa mfumo unajibana wenyewe, saketi kama 5E3 zimezoeleka kukaa karibu na asilimia 90 au hata kwenye kikomo chenyewe. Ule ulaini wa 5E3 unapoibana, noti inavyojaa na kurudi nyuma kidogo, sehemu yake inatokana na kathodi kupanda unapopiga kwa nguvu na 5Y3 kushusha volti kwa wakati mmoja. Ndiyo maana sipendi mtu anapochomeka GZ34 mahali pa 5Y3 ili apate wati zaidi. GZ34 inaangusha volti chache sana ikilinganishwa na 5Y3, kwa hiyo anodi za 6V6 zinapata volti ambazo saketi haikukusudiwa, na unapoteza kile kile kilichokufanya uijenge.

Wapo wanaosema kila yenye bayasi ya kathodi ni ya daraja A, yaani tyubu inapitisha mkondo wimbi zima bila kuzimika. Si kweli. Vox AC30 na 5E3 zina tyubu za kusukuma na kuvuta ambazo ukipandisha sauti kila moja hufika mahali ikazimika kwa sehemu ya wimbi, na hilo ni daraja AB. 5F1 yenye tyubu moja ya nguvu ndiyo ya daraja A kwa lazima.

Mlehemu_wa_Usiku

Nina 5E3 mezani ya rafiki. 6V6 moja inawaka nyekundu baada ya dakika chache, nyingine iko sawa. Nimebadilishana soketi, wekundu unabaki kwenye soketi ile ile.

WayaWaNguo

Kwa kuwa haukufuata tyubu, tyubu haina kosa. Pima DC kwenye pini ya 5 ya soketi hiyo. Kwenye 5E3 inapaswa kuwa sifuri. Ukikuta volti chanya, hata chache, kapasita inayoleta sauti kutoka kwa kigawa fezi inavujisha DC na kuifungulia gridi. Ukikuta sifuri, zima, mwaga chaji, upime rizista ya 220k kutoka kwenye gridi hiyo kwenda ethi. Ikiwa imekatika au lehemu yake haikushika, gridi inaelea bila pa kushikilia, na huenda mita yenyewe ndiyo iliyoishikilia ulipokuwa unapima.

Mlehemu_wa_Usiku

Volti 9 chanya. Nimebadilisha kapasita, imetulia. Ahsante sana mkuu.

Nyuzi6

Nimemaliza 5E3 yangu wakuu, inapiga! Ina mvumo kidogo ambao haubadiliki nikizungusha volyumu. Vipimo: anodi volti 372, kathodi volti 21.5, rizista ya kathodi imeandikwa 250 lakini mita inasoma 248. Naomba mnisomee.

WayaWaNguo

Hongera sana mkuu! Tuanze na hesabu. 21.5 gawa kwa 248 ni miliampia 86.7 kwa tyubu zote mbili, yaani 43.3 kila moja. Toa asilimia 5 ya skrini, inabaki kama 41. Volti ambazo tyubu inaziona ni 372 kutoa 21.5, sawa na 350.5. Zidisha: wati 14.4. Umepita hata kikomo cha 14.

Kabla hujagusa rizista, pima filamenti. Transfoma iliyosukwa kwa umeme wa nyumbani mdogo kuliko wako hupandisha kila kitu, na filamenti inatakiwa isizidi asilimia 10 ya 6.3, yaani 6.9. Pia baadhi ya 5Y3 za siku hizi zinaangusha volti kidogo kuliko za zamani. Kama filamenti ni nzima, weka rizista ya omu 300 ya wati 5, na kapasita yake ya 25 µF iinue mbali na rizista hiyo kwa sababu inapata moto.

Mvumo usiobadilika na volyumu unatoka baada ya volyumu. Ukiwa mzito na wa chini, wa masafa yale yale ya umeme wa ukutani, angalia filamenti na usokotaji wake. Ukiwa wa masafa maradufu, una ukali kama wa nyuki, angalia kapasita za kuchuja na ethi zake. Tyubu mbili za nguvu zisizolingana nazo huuruhusu huo wa pili.

Nyuzi6

Filamenti 6.6. Nimeweka omu 300. Sasa anodi 379, kathodi 23.4. Mvumo ulikuwa ule wa ukali. Ethi ya kapasita ya kwanza niliihamishia kwenye boliti ya tepu ya katikati ya transfoma, umepungua sana.

WayaWaNguo

23.4 gawa kwa 300 ni 78, kila moja 39, ukitoa skrini 37. Mara volti 355.6 ni wati 13.2. Acha hapo hapo. Andika namba hizo kwa kalamu ndani ya chesisi pamoja na tarehe, na siku utakapoweka 6V6 mpya upime tena kabla ya kuifunga.